Kabla ya Ikulu, Jomo Kenyatta alikuwa kanjo wa kusoma mita za maji

Kama unaishi kwa ploti pale Kimbo, Ruiru, au Makongeni kule Thika, mtu wa serikali unayemwona mara nyingi zaidi huenda si gavana wala mbunge wako. Ni yule jamaa wa kusoma mita. Anafika asubuhi, anainua kile kifuniko cha chuma, anapangusa kioo kwa kidole, anaandika namba, anaenda zake. Mwisho wa mwezi ile namba inageuka bili, na landilodi anaanza kubisha mlango mmoja mmoja. Hakuna anayemwuliza jina. Na hakuna anayedhani kwamba siku moja sura yake itachapwa kwenye noti.

Basi mwezi wa Aprili 1922, kazi hiyo jijini Nairobi ilipewa kijana mmoja wa Gatundu aliyeitwa Johnstone Kamau. Alikuwa karani wa stoo na msomaji wa mita katika idara ya maji ya manispaa. Kwa lugha yetu ya leo, alikuwa kanjo. Miaka 41 baadaye kanjo huyo alikuwa waziri mkuu wa Kenya, na mwaka uliofuata akawa rais. Wewe unamjua kama Mzee Jomo Kenyatta.

Shuleni umeshafundishwa kuhusu Kapenguria, KAU na KANU, kwa hivyo sitakusomea somo la historia upya. Hapa nataka tuyafuate maisha yake kupitia kitu kimoja ambacho vitabu vya shule havikisemi sana, ingawa kinakuhusu kila siku unapobeba mtungi wa lita 20 kupanda ngazi: maji. Nani anayahifadhi, nani anayauza, na nani anachimbishwa mitaro ili mwingine avune.

Tuanze na ramani kidogo, maana bila ramani hadithi hii haieleweki. Thika imekaa mahali Mto Chania unapokutana na Mto Thika, pale karibu na Blue Posts. Maji hayo yanateremka mashariki hadi kwenye Mto Tana, yanapita Garissa na Hola, na kuingia baharini Kipini. Mto Ruiru na Mto Ndarugu unaopita Juja yanakwenda njia nyingine kabisa: yanaingia Athi, ambayo hubadilishwa jina njiani na kuingia baharini kama Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Yaani Thika na Ruiru, miji iliyoachana kwa kilomita 20 hivi za barabara kuu, kila mmoja una njia yake ya kwenda baharini. Lakini mito yote hii inaanzia juu kulekule, kwenye msitu wa Aberdare na miinuko iliyo karibu nao.

Kenyatta alizaliwa katikati ya ramani hiyo, Ng'enda huko Gatundu, ambako mito ya Thiririka na Ndarugu hukata vilima. Ilikuwa miaka ya 1890, na siku zile hakuna aliyeandika tarehe ya mtoto kuzaliwa. Jina lake lilikuwa Kamau. Baba yake, Muigai, alifariki mapema, na kulingana na mila mama yake Wambui akachukuliwa na ndugu wa marehemu aliyeitwa Ngengi. Ndiyo maana akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Babu yake, Kungu Mangana, alikuwa mganga, na kijana huyo alikaa naye kwa muda akimsaidia kazi.

Mwaka wa 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland kule Thogoto. Alijifunza kusoma, akajifunza useremala, akafanya kazi jikoni kwa mzungu ili apate pesa za matumizi, na mwezi wa Agosti 1914 akabatizwa jina la Johnstone. Sasa hapo ndipo Thika inapoingia. Baada ya kuondoka misheni alikwenda Thika kufanya kazi chini ya mhandisi Mwingereza aliyeitwa John Cook. Reli ya kutoka Nairobi ilikuwa imefika Thika mwaka wa 1913, na mji wenyewe ulikuwa unaanza tu kuota kati ya mashamba ya mkonge na kahawa. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kwenda Nairobi, safari ya kilomita 40 hivi, kuchukua pesa za mishahara benki na kuzirudisha kwa wafanyakazi. Hebu fikiria: kijana mdogo, siku hizo, na mfuko wa mishahara ya kampuni mkononi. Cook alimwamini. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumpa kazi ya mita.

Kwanza lakini aliugua sana, akaacha kazi na kwenda kuuguziwa Tumutumu. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeanza na vijana wa Kikuyu walikuwa wakikusanywa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Ndugu yake Kongo alikwenda na hakurudi. Familia haikuambiwa kamwe alipofia. Kamau mwenyewe akaenda kuishi kwa Wamaasai, ambako shangazi yake alikuwa ameolewa, akavaa kama wao, pamoja na ule mkanda wa shanga ambao kwa Kikuyu huitwa kinyata. Mkanda ndio uliozaa jina. Jina la nchi halikuhusika hapo, hata kama mtu mtandaoni atakuapia.

Turudi kwa mita. Mwaka wa 1922 ulianza vibaya Nairobi. Walowezi walikuwa wamepunguza mishahara ya Waafrika, kodi ilikuwa juu, kipande kilikuwa shingoni, na Harry Thuku, karani wa simu katika hazina ya serikali, alikuwa amewaamsha watu. Machi 14 akakamatwa. Machi 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele kabisa, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21; walioshuhudia walisema waliokufa ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa mmoja wao.

Wiki chache tu baadaye, Aprili, Kenyatta aliripoti kazini. Yule John Cook wa Thika alikuwa sasa ndiye msimamizi wa maji wa manispaa, na alimkumbuka kijana wake. Mshahara: shilingi 250 kwa mwezi. Usizilinganishe na 250 za leo ambazo hazikutoshi chakula cha mchana mjini. Wakati huo zilikuwa pesa ambazo Mwafrika wa kawaida aliota tu. Kenyatta alinunua nguo za Kizungu, alikwenda sinema, alitazama mpira, na hata makarani wa Kizungu walimkopa. Kule Dagoretti alijenga nyumba aliyoifanya duka na kuipa jina la Kinyata Stores. Kwa kifupi, alikuwa ameomoka.

Na maji yenyewe aliyokuwa akiyapima? Nairobi wakati huo ilitegemea sana chemchemi za Kikuyu, si mbali na Thogoto alikosomea. Maji yalitoka kwa jirani zake, yakapita kwenye bomba, yakaingia kwenye nyumba za watu ambao yeye mwenyewe hangeruhusiwa kukaa nao meza moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiinama pale nje akiandika yametumika kiasi gani. Kuna wanaosimulia miaka hiyo sita kama muda tu wa kusubiri siasa. Mimi naona ilikuwa shule. Msomaji wa mita aliingia kila boma, aliona nani ana bustani ya maua inayonyweshwa mchana kutwa, na alijua ni mtaa gani ambao bomba halijafika kabisa.

Chama cha Kikuyu Central Association kilipomtafuta, hakukimbilia. Alikuwa mwajiriwa wa manispaa, alikuwa na mke, Grace Wahu, na watoto, na alijua yaliyompata Thuku. Alianza kwa kuwasaidia na lugha ya Kiingereza. Ni mwaka wa 1928 tu ndipo alipoacha ile kazi, akawa katibu mkuu wa chama na mhariri wa gazeti la Muigwithania, akizunguka Kiambu, Fort Hall (ndiyo Murang'a ya sasa) na Nyeri kwa pikipiki.

Miaka ya Ulaya nitaipita haraka. Alikwenda London mwaka wa 1929, akarudi, akaenda tena 1931 na kukaa miaka 15. Alifika hadi Moscow, akasomea anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka wa 1938, na wakati wa vita vya pili akafanya kibarua cha shamba kule Sussex. Alirudi nyumbani Septemba 1946.

Aliporudi alipewa kusimamia chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi waliotaka shule zisizokuwa za misheni. Na hapo tena maji yanarudi kwenye hadithi. Katika vilima hivyohivyo vya Githunguri, mwishoni mwa miaka ya 1940, manispaa ya Nairobi ilijenga Bwawa la Ruiru. Ukilisikia jina usifikiri liko Ruiru mjini. Liko juu, mto unakoanzia. Bwawa hilo ni dogo, linabeba kama mita milioni tatu za ujazo, lakini lilikuwa mwanzo wa tabia ambayo haijaisha: jiji likikauka, linapanda milimani kutafuta mto mwingine wa kukinga. Baada ya Ruiru kukaja Sasumua mwaka wa 1956, kwenye vijito vinavyolisha Chania.

Wakati huo kulikuwa na vita vingine vya maji na udongo ambavyo wengi wetu hatukufundishwa. Serikali ya mkoloni iliona udongo wa Murang'a ukisombwa na mvua, ikaamua watu wachimbe matuta na mitaro kwenye miteremko. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mkulima yeyote wa Gatanga atakuambia tuta linaokoa shamba. Shida ilikuwa ni nani anayechimba na kwa nini. Machifu walitoa wanawake majumbani kwa lazima, bila malipo, siku kadhaa kila wiki, kwenye ardhi ambayo ilikuwa imebana hivyo kwa sababu nyingine ilishachukuliwa na walowezi. Mwaka wa 1947 Kenyatta, ambaye sasa alikuwa rais wa KAU, alihutubia mkutano mkubwa Fort Hall. Msimamo wake ulikuwa kwamba kutunza udongo ni sawa, ila wanawake wasilazimishwe. Mkutano uliamua hivyo, na wanawake wakatua majembe. Kazi ya mitaro ikasimama karibu wilaya nzima.

Weka hilo akilini, tutalihitaji.

Oktoba 20, 1952 hali ya hatari ilitangazwa na Kenyatta akakamatwa. Chuo cha Githunguri kilifungwa, na mahali palipokuwa pa kufundishia walimu pakageuzwa pa kufungia na kunyongea watu. Aprili 1953 mahakama ya Kapenguria ilimhukumu miaka saba kwa kuongoza Mau Mau, shtaka alilolikana hadi kufa kwake. Wenzake watano walikuwa Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko, ingawa Oneko alishinda rufaa na hata hivyo akazuiliwa. Walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Mtoto wa Ng'enda, aliyezaliwa mahali ambapo kila bonde lina kijito, akawekwa kwenye jangwa. Kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya upishi badala ya kuvunja mawe.

Huku nyuma, serikali ilikuwa imejaza maelfu ya watu kambini, na ikapata mahali pa kuwatumia. Miradi mikubwa ya kwanza ya unyunyiziaji maji nchini, Mwea kule Kirinyaga, Hola kando ya Tana na Perkerra kule Baringo, yote ilianzishwa miaka hiyo ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa hali ya hatari. Mifereji ya Mwea inayonywesha mchele unaoupenda sana Jumapili ilichimbwa na watu waliokuwa chini ya bunduki. Ukweli huu haujaandikwa kwenye pakiti.

Hola ndiko kulikotokea mabaya zaidi. Machi 3, 1959 wafungwa waliokataa kufanya kazi walitolewa kwa nguvu kwenda kwenye mradi, wakapigwa marungu na askari hadi 11 wakafa. Unajua serikali ilitoa maelezo gani ya kwanza? Kwamba walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa tangi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika, na uongo huo ukatikisa bunge la Uingereza hadi kambi zikafungwa. Kumbuka ramani yetu: maji yanayopita Hola ni pamoja na yale yaliyoteremka kutoka Thika.

Kenyatta alimaliza kifungo mwezi uliofuata, Aprili 1959, lakini akahamishiwa Lodwar, kisha Maralal. Agosti 14, 1961 alirudishwa Gatundu na umati ukafurika. Miezi miwili baadaye mbingu nazo zikafunguka. Baada ya ukame mkali, mvua za mwisho wa 1961 zilinyesha hadi mito ikavunja kingo zake, barabara na reli zikakatika, Tana ikageuka bahari, Ziwa Victoria likapanda kwa kiasi ambacho halijapata kushuka kikamilifu, na chakula cha msaada kikadondoshwa kwa ndege. Wazee wa mashambani bado huyaita mafuriko ya uhuru. Mtu aliyekuwa karibu kukabidhiwa nchi alionyeshwa mapema kwamba Kenya inaweza kufa kiu na kuzama ndani ya mwaka mmoja.

Sasa tufike kwa alichokifanya alipokuwa na uwezo, maana ndipo mimi na wewe tunapokaa.

Tumpe haki yake kwanza. Serikali yake ilianza kuifunga Tana kwa mabwawa ya Seven Forks: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu mwaka wa 1974, na Gitaru mwaka wa 1978. Mwaka wa 1974 iliunda mamlaka ya kuendeleza bonde la Tana, ikaunda wizara kamili ya maji, na ikazindua mpango wa kwamba ifikapo mwaka wa 2000 kila Mkenya awe na maji safi karibu na nyumbani. Katika miaka hiyo ya 1970 ndipo kituo cha Ng'ethu, kwenye Mto Chania huko Gatundu, kilipoanza kusafisha maji na kuyapeleka Nairobi. Huyu kanjo wa zamani alikuwa anaupelekea mji ule ule maji ya kwao.

Halafu kuna upande mwingine. Mwaka wa 1966 bunge lilipitisha sheria ya unyunyiziaji maji na kuunda bodi ya kitaifa, ambayo ilirithi Mwea, Hola na Perkerra. Ilirithi pia nidhamu yake. Mkulima wa Mwea alibaki mpangaji. Alipewa ekari nne hivi na leseni, aliambiwa apande nini na lini, mchele wote alitakiwa kuupeleka kwa bodi, bodi ikakata gharama zake na kumlipa kilichobaki, na meneja angeweza kumfukuza. Kukamatwa na gunia la mchele wako mwenyewe lilikuwa kosa. Wengi wa wapangaji hao walikuwa watu wasio na ardhi waliotoka kambini au familia zao. Bendera ilibadilika, daftari la mkoloni likabaki mezani. Wakulima wa Mwea hawakuasi hadi mwisho wa miaka ya 1990, walipokataa kupeleka mchele kwa bodi na kukabiliana na polisi.

Kuna mtu mmoja aliyemwambia Kenyatta mapema kwamba njia hiyo ni mbaya, naye ni Bildad Kaggia, yule mfungwa mwenzake wa Lokitaung. Kaggia alikuwa mbunge wa Kandara, huko juu ya Thika, na alidai ardhi igawiwe wasio nayo bila kuuziwa. Kenyatta alikataa, mwenye kutaka ardhi ainunue, na asiye na pesa akope. Mwaka wa 1965, mbele ya umati, alimsuta Kaggia kwa kumlinganisha na wenzao wa kifungoni waliokuwa wameshajitajirisha, akataka kujua yeye amejifanyia nini. Umati ulicheka. Kaggia aliondoka KANU mwaka uliofuata, akapoteza kiti, na akafa mwaka wa 2005 bila utajiri. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013 ilieleza jinsi ardhi nyingi ilivyoishia kwa wakubwa wa enzi hiyo ya kwanza, familia ya rais ikiwemo.

Kwangu mimi, hapo ndipo mahali pa kumhukumu, zaidi ya pale Kapenguria. Mwaka wa 1947 alisimama Fort Hall akaelewa kabisa kwamba mtaro mzuri ukichimbwa kwa lazima unakuwa mbaya. Miaka 19 baadaye, serikali yake ilisaini sheria iliyomwambia mkulima wa mfereji kwamba maji ni ya bodi, shamba ni la bodi, mchele ni wa bodi. Alikuwa amesoma mita muda mrefu wa kutosha kujua kwamba anayeshika daftari ndiye anayeshika mtu. Akalichukua daftari, akalishika.

Alifariki Mombasa Agosti 22, 1978. Masinga, bwawa kubwa kuliko yote kwenye Tana, lilikamilika mwaka wa 1981, na ndilo linalopokea maji ya Mto Thika. Kazi yake ni rahisi kueleza: wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, linakinga maji ambayo yangekwenda bure au kufurika, wakati wa kiangazi linayaachilia kidogo kidogo ili mitambo ya umeme iliyo chini isisimame na mashamba ya huko chini yapate ya kunyunyizia. Lakini Wapokomo wa Tana ya chini, waliokuwa wakipanda mpunga na ndizi kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko, walianza kuona mafuriko hayo yakipungua na rutuba ikikwama nyuma ya ukuta wa zege. Na ule udongo wa milimani? Bado unateremka. Kila mvua, wekundu unaouona ukipita chini ya daraja la Thika unakwenda kulala chini ya Masinga na kula nafasi ya maji. Ndiyo maana nilikwambia uikumbuke mitaro. Hata hivyo bwawa lina kikomo: mwaka wa 2024 mvua zilipozidi, Masinga na yale yaliyo chini yake yalijaa, maji yakamwagika, na watu wa Garissa na Tana River wakahamishwa.

Ahadi ya mwaka wa 2000 haikutimia, na hilo huhitaji kuambiwa. Unanunua maji ya boza. Nairobi iliendelea kupanda mlima. Bwawa la Thika, hili la Ndakaini kule Gatanga, lilikamilika mwaka wa 1994 likiwa na uwezo wa mita milioni 70 za ujazo, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji. Kisha likaja Karimenu II kule Gatundu Kaskazini, kwenye kijito cha Chania, lililofunguliwa mwaka wa 2022. Rais aliyelifungua alikuwa Uhuru Kenyatta, mtoto wa yule kanjo.

Karimenu lilikusudiwa kutoa mita 70,000 za ujazo kwa siku, na Ruiru na Juja ndizo zilizotajwa mbele kabisa kwenye mpango. Familia zilihamishwa kulipisha, na mabishano ya fidia yalichukua muda. Bwawa jingine, Ruiru II, lilipangwa kujengwa Githunguri. Wenyeji wakalipinga, wakaenda kortini, na mradi ukakwama. Ukiwa Ruiru na bomba limekauka ni rahisi kuwakasirikia. Lakini wao ndio wanaoulizwa watoe shamba, kaburi la babu na shule ya watoto ili wewe uoge.

Na lile bomba kubwa la Ng'ethu bado linateremka kutoka Gatundu kuelekea matangi ya Gigiri, Nairobi. Njiani linapita karibu na maboma ambayo wenyewe huteka maji mtoni kwa ndoo, na hayana mita ya kusomwa.